Pikipiki ya Silinda Moja: Jinsi Ifanyavyo Kazi na Sababu ya Kupendwa

Muhula uliopita palizuka ubishi mezani petu wakati wa chakula cha jioni. Mwenzetu mmoja alikuwa na picha ya pikipiki kubwa ya Kijapani yenye silinda nne. Akasema hiyo ndiyo pikipiki, na zile za boda boda zijaazo Kampala ni baiskeli zilizoshikwa na kikohozi. Watu wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku, nilipolala, nikaona nimefanya vibaya kucheka, kwa kuwa karo yangu tangu kidato cha kwanza imelipwa na pikipiki ya namna hiyo hiyo, aiendeshayo mjomba wangu.

Basi nimeazimia kuandika makala hii. Sitaki kumshinda mwenzetu kwa maneno, maana yeye ni hodari wa maneno kuliko mimi. Nataka kueleza jinsi mashine ile ifanyavyo kazi, ili mtu ye yote aelewe kwa nini wako watu wengi duniani, wenye fedha na wasio nazo, waipendao kuliko zile kubwa. Tena nitaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa sababu bila kosa hilo nisingekuwa na neno la kuandika.

Kwanza yafaa tujue silinda ni kitu gani. Silinda ni bomba la chuma lililozibwa upande wa juu. Ndani yake imo pistoni, ambayo ni kama mchi mfupi uingiao barabara katika kinu chake, ila mchi huu haupondi kitu, bali wenyewe ndio unaosukumwa. Chini ya pistoni pana mkono wa chuma, na mkono huo umeshikana na mhimili uliopindwa. Tazama mtu apandaye baiskeli: goti lake hupanda na kushuka, lakini pedali huzunguka. Pistoni ni kama goti, na mhimili uliopindwa ni kama pedali. Hiyo ndiyo siri ya kugeuza mwendo wa juu na chini uwe mwendo wa kuzunguka.

Injini za boda boda hufuata utaratibu uliofanikishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, nao una mapigo manne. Katika pigo la kwanza pistoni hushuka, vali ya kuingizia hufunguka, na mchanganyiko wa hewa na petroli hunyonywa ndani. Katika pigo la pili vali zote mbili zimefungwa, pistoni hupanda na kuukandamiza mchanganyiko ule. Hapo plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Hilo ni pigo la tatu. Katika pigo la nne pistoni hupanda tena, vali ya kutolea hufunguka, na moshi hutoka. Halafu huanza upya.

Angalia sasa: katika mapigo manne ni moja tu lenye kuleta nguvu, na yale matatu yote hula nguvu. Ni kama mtu afanyaye kazi siku moja akala siku tatu. Injini ya silinda nne haina shida, kwa sababu wakati wo wote iko silinda moja inayofanya kazi na kuwalisha wenzake. Lakini silinda iliyo peke yake hapana budi ijiwekee akiba. Akiba hiyo ni gurudumu zito lililofungwa kwenye mhimili. Gurudumu likishasukumwa halitaki kusimama, na kwa uzito wake hulivusha pistoni katika yale mapigo matatu ya njaa.

Wale wapendao hesabu na wachukue kalamu. Pikipiki ya Bajaj Boxer ya 100, ambayo imejaa sana mjini kwetu, ina silinda yenye kipenyo cha milimeta 53, na pistoni yake husafiri milimeta 45. Nusu ya kipenyo ni sentimeta 2.65. Zidisha 2.65 kwa 2.65, kisha kwa 3.142, kisha kwa 4.5. Utapata sentimeta za ujazo 99 na kidogo. Chupa ya soda ya kawaida ni mililita 300. Basi nafasi ile inayopandisha watu watatu na gunia la mkaa mlima wa Rubaga (kinyume cha sheria, lakini sote tumeona) ni theluthi moja ya chupa ya soda. Nilipoipata hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea nukta.

Sasa nije kwenye mlio, maana huo ndio unaotajwa kwanza na kila apendaye pikipiki hizi. Mwenzetu aliuita kikohozi. Hebu tuupime. Injini ikiwaka pole pole, pikipiki ikiwa imesimama, mhimili wake huzunguka kama mara 1,200 kwa dakika. Kwa kuwa moto huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, tunapata mara 600 kwa dakika, yaani mara 10 kwa sekunde. Sikio la mwanadamu huweza kuyatenga mapigo yakiwa chini ya 20 hivi kwa sekunde. Yakizidi hapo huungana, nasi husikia sauti moja tu iliyonyooka. Kwa hiyo silinda moja ikiwaka pole pole twaisikia pigo kwa pigo, kama ngoma. Lakini injini ya silinda nne kwa mwendo ule ule huwaka mara 40 kwa sekunde, na hivyo tangu ianze haisikiki ikipiga. Husikika ikivuma tu. Ukiongeza mafuta kwenye silinda moja, mapigo hukimbizana mpaka yakafika mahali yakashikana yakawa sauti. Mpandaji husikia mahali hapo, na pia hupasikia kwenye viganja na kwenye nyayo. Mimi nadhani hapo ndipo wengi hunaswa. Mtu hahitaji saa ya kuonyesha mwendo. Anajua injini inafanya nini kama mpiga ngoma ajuavyo mkono wake.

Pikipiki zenyewe zilianza na silinda moja. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza huko Ujerumani chombo cha mbao chenye magurudumu mawili makubwa na mawili madogo ya kukizuia kisianguke. Silinda yake ilikuwa moja, ya sentimeta za ujazo 264, na nguvu yake nusu ya farasi. Yasimuliwa kwamba Paul, mwana wa Daimler, alipokiendesha kutoka Cannstatt kwenda Untertürkheim mwezi wa Novemba mwaka ule, kiti kilishika moto chini yake, kwa kuwa bomba la kuwashia lilikuwa papo hapo chini ya kiti. Baadaye, mwaka 1958, Wajapani walitoa Honda Super Cub, silinda moja ya sentimeta za ujazo 49. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, na hakuna chombo kingine cha moto kilichofikia hesabu hiyo. Basi anayeicheka silinda moja anacheka watu wengi.

Hapa kwetu, kama wengi wajuavyo, boda boda ilianza kwa baiskeli. Katika miaka ya 1960, huko Busia, palikuwa na mwendo kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na kile cha Kenya, na wenye baiskeli waliwabeba wasafiri na mizigo yao, wakiwaita kwa neno la mpaka, "boda, boda". Baiskeli ina injini ya silinda moja pia, nayo ni tumbo la mwendeshaji. Katika miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi hiyo Kampala, na leo husimama kwenye kila pembe ya barabara, na kila siteji ina mwenyekiti wake na daftari lake.

Siteji ya Mjomba iko upande wa Bakuli. Pikipiki aliinunua kwa mkopo wa kulipa kila Jumamosi. Usiku hailazwi nje; hulala sebuleni pamoja nasi, na mtu akiamka usiku kunywa maji sharti aizunguke. Kwa ajili hiyo mimi nimekua nikinusa petroli kama wengine wanusavyo maua. Mjomba ndiye aliyenifundisha kuiendesha, kwenye njia ya udongo, nilipotimiza miaka 18, na hakunikabidhi funguo mpaka nilipoweza kumtajia kila kitu kilichomo kwa kufumba macho.

Likizo ya mwezi wa Agosti nilikaa kwake. Nilikuwa nimemaliza kusoma juu ya injini katika fizikia, nami nilijiona fundi. Niligundua kwamba injini ya Mjomba ilikuwa na sauti ndogo ya tik tik tik upande wa juu, chini ya ule mlio mkubwa. Sauti ile iliniudhi. Nilimwona fundi mmoja akifungua vile vifuniko viwili vidogo vilivyo kichwani mwa injini na kukaza skrubu za vali, nikaona si kazi ngumu. Jumapili jioni Mjomba alikuwa amekwenda msibani. Nikachukua spana zake, nikafungua vifuniko, nikazungusha mhimili mpaka pistoni ikawa juu kama inavyotakiwa, nikakaza skrubu mpaka nafasi yote ikaisha. Nikafunga. Nikapiga kiki. Injini ikawaka, na ile tik tik haikusikika tena. Nikafurahi kama mtu aliyeponya mgonjwa.

Jumatatu alfajiri Mjomba alipoiwasha alisema, "Leo imetulia." Mimi nikanyamaza nikitabasamu. Nilitaka nimweleze jioni, ili sifa ziwe nyingi.

Saa nne asubuhi, akipanda mlima wa Namirembe na mama mmoja mzee aliyekuwa akienda hospitali ya Mengo, injini ilipoteza nguvu ikazimika. Alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Yule mama alishuka akamaliza mlima kwa miguu, na Mjomba hakupokea fedha yake. Baada ya nusu saa injini ilipopoa, iliwaka kama haikuwa na ubaya wo wote. Akabeba abiria wawili, ikazimika tena. Jioni alirudi akiisukuma.

Hebu nieleze kilichotokea, kwa kuwa ndilo somo lenyewe. Kati ya vali na kidole cha chuma kinachoisukuma hapana budi pawepo nafasi, nyembamba kama karatasi. Ile tik tik niliyoichukia ni sauti ya kidole kikivuka nafasi hiyo na kuigusa vali. Chuma kikipata moto hurefuka. Hili tumelisoma sote, na tumeona majaribio ya kile kitufe na pete. Vali ya kutolea moshi hukaa motoni kuliko kitu kingine cho chote ndani ya injini, basi nayo hurefuka. Ikiwa nafasi ipo, vali hurefuka ikaijaza, na bado ikafunga vizuri. Ikiwa nafasi haipo, vali iliyorefuka haina mahali pa kwenda. Hubaki imeachama kidogo. Pistoni ikipanda kukandamiza, mchanganyiko hutoroka. Hapana mkandamizo, hapana moto wa maana. Injini ikipoa vali hufupika, hufunga tena, na ugonjwa huonekana umepona. Ndiyo maana iliwaka kila alfajiri na kufa kila saa nne.

Nililijua jambo hili Jumatatu usiku. Nilifungua kitabu changu nikalisoma kwa mwanga wa simu. Lakini sikusema. Jumanne Mjomba alikwenda kwa fundi akabadilishiwa plagi, akalipa. Haikusaidia. Akasafishiwa kabureta, akalipa tena. Jumanne usiku alikula kidogo akahesabu fedha juu ya meza mara mbili, na zote mbili hazikufika zile za Jumamosi. Nilikuwa nimekaa mbele yake, na ile pikipiki ikiwa kati yetu. Neno lilinifika kooni likarudi.

Jumatano tulikwenda wote wawili Ndeeba kwa fundi mmoja mzee afanyaye kazi chini ya mfenesi. Yeye hakufungua kitu. Alimwambia Mjomba aizungushe mpaka ipate moto na kuzimika. Ilipozimika, akaweka mguu wake kwenye kiki akakanyaga pole pole. Kiki ya injini nzima hugoma njiani, mguu ukahisi kitu kinachokataa, kama mtu akandamizaye mpira wa miguu uliojaa. Hii ilishuka tu, kama mguu ukanyagao tope. Akakanyaga mara ya pili. Kisha akainama akavitazama vile vifuniko viwili, akauliza, "Nani aliyefungua hapa?"

Mjomba akajibu, "Hakuna."

Nikasema, "Ni mimi, Mjomba."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Akaniuliza lini, nikamwambia. Akaniuliza kwa nini sikumwambia tangu siku ya kwanza, nikamwambia niliona haya. Akasema, "Haya yako imekula siku tatu, mpwa wangu," akaenda kukaa juu ya tairi.

Tulingoja saa nzima injini ipoe, maana nafasi ile hupimwa ikiwa baridi. Hakuna aliyezungumza. Kisha yule mzee akanipa mimi spana, na kipande chembamba cha chuma cha kupimia, akanisimamia. Skrubu hukazwa mpaka kipande kile kivutike kwa kushikwa kidogo, kisiwe huru wala kisikwame. Halafu nati hufungwa huku skrubu imezuiwa isigeuke, na hupimwa tena, kwa sababu nati ikikazwa huivuta skrubu. Nilirudia mara nne. Injini ilipowaka, tik tik tik ikarudi. Fundi akasema vali haikuwa imeungua bado. Ingalikwenda juma moja zaidi ingaliungua kingo zake, na hiyo ni kazi ya kufungua kichwa chote.

Fedha za Jumamosi Mjomba alikopa katika akiba ya siteji. Mimi niliosha pikipiki za wenzake mpaka likizo ikaisha, ili deni lipungue. Halikwisha, lakini alisema basi.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna jibu la ule ubishi wa mezani. Pikipiki ya silinda nne, vali yake moja ikikosa kufunga, ingeendelea kwenda. Ingetetemeka, ingekula mafuta, lakini silinda tatu zingeificha ile ya nne, na mwenyewe angeweza kupanda miezi asijue ni ipi yenye ugonjwa. Silinda moja haina mwenziwe wa kuisitiri. Ikiwa nzima utaijua, na ikiwa mbovu itakuacha mlimani. Watu wengi huona hiyo ni kasoro. Wapenzi wake huona hiyo ndiyo sifa, maana chombo kizima hukaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Ina plagi moja, kabureta moja, vali mbili. Yule mzee wa Ndeeba hakuhitaji mashine ya kupimia, alihitaji mguu. Hata vipuri, ukienda Kisekka na pistoni mkononi umeifunga katika gazeti, utarudi na nyingine kabla ya chakula cha mchana.

Haki pia inataka niseme mabaya yake. Pistoni moja ikipanda na kushuka bila ya nyingine ya kushindana nayo huitikisa pikipiki nzima. Watengenezaji huweka uzito kwenye mhimili upande wa pili, lakini uzito huo hauwezi kuumaliza mtikiso. Ukiupunguza wa juu na chini, huongeza wa mbele na nyuma. Ndiyo sababu vioo vya boda boda huonyesha magari mawili mahali palipo na moja, na nati za namba za gari hupotea. Mjomba akiendesha kutwa, usiku kikombe cha chai humtetemeka mkononi. Na kwenye barabara kuu ndefu, kama ile ya Masaka, injini ndogo hulia mpaka mtu akaihurumia.

Lakini mahali palipo pabaya ndipo inapowashinda wakubwa wake. Mashindano ya kwanza ya kutoka Paris mpaka Dakar yalianza mwezi wa Desemba 1978 yakapita katika jangwa la Sahara, na mwaka 1979 Mfaransa Cyril Neveu alifika wa kwanza juu ya Yamaha XT500, silinda moja. Na wale waliokwenda Garuga au Busiika kutazama mashindano ya kuruka vilima vya udongo watakumbuka kwamba zile zote zirukazo hewani ni silinda moja moja. Injini yake ni nyembamba na nyepesi, mtu huweza kuiinua ikianguka. Boxer ya Mjomba ina kilo 110 hivi. Mwenzetu na ajaribu kuinua peke yake ile ya picha yake katika matope ya Bwaise siku ya mvua.

Hapa ningependa kuongeza hesabu moja zaidi kwa wale ambao, wakisoma haya, watakwenda kuomba pikipiki ya kaka zao. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa si mwendo wa kutisha. Hata katika barabara ya Namirembe hufikiwa kukiwa wazi. Nao ni mita 11 kwa sekunde. Tumia kanuni ya kitu kiangukacho, utaona kwamba mtu akigonga ukuta kwa mwendo huo ni sawa na aliyeanguka kutoka mita 6 na zaidi, yaani kama aliyeanguka kutoka paa la bweni letu. Hakuna mtu angepanda juu ya paa la bweni akaruka kwa kichwa bila kofia. Mjomba hubeba kofia ngumu ya pili kwa ajili ya abiria. Wengi huikataa, wakisema itaharibu nywele. Naye huwajibu kwa heshima, "Ssebo," au "Nnyabo," kisha huingoja mpaka waivae, na wengine humwacha wakapanda ya jirani. Hupoteza fedha kwa jambo hilo. Wodi za Mulago zimejaa watu wa pikipiki, waendeshaji na abiria, na wauguzi wanawajua kabla hawajasema kilichowapata.

Limebaki neno moja, nalo ni gumu kwangu. Siku hizi pikipiki za umeme zimekwisha ingia Kampala. Hazina silinda hata moja. Mwendeshaji akiishiwa hawekewi petroli, bali hubadilishiwa betri kituoni akaondoka. Hazitoi moshi, na Mjomba, ambaye hukohoa kila asubuhi kwa moshi wa Kibuye, hilo analipima sana. Akaniuliza Jumapili iliyopita mimi mwenye kusoma naonaje.

Nilitaka kusema asiinunue. Lakini nikikaa na hoja zangu mwenyewe naona zinanigeuka. Nikisifu silinda moja kwa uchache wa vitu vyake, mota ya umeme ina vichache zaidi. Kinachozunguka ndani ni kitu kimoja tu. Haina vali za mpumbavu kukaza. Nilichoweza kumwambia ni hiki, kwamba betri ikiugua yule mzee wa chini ya mfenesi hataweza kuifungua, na kwamba mota haisemi kitu. Mtu hujua hali yake kwa kusoma namba kwenye kioo. Mjomba akasema hilo la pili halina bei, ila la kwanza lina bei, naye atalifikiri. Mkopo utakwisha mwezi wa Desemba, na hapo ataamua. Akisha kuamua kuiuza, ameniahidi injini ya zamani itabaki kwangu.

Kwa sasa, wanafunzi wenzangu, nyuma ya karakana ya useremala iko injini moja kuukuu ya sentimeta za ujazo 100, ambayo mwalimu wetu wa fizikia ameturuhusu kuifungua kila Jumamosi baada ya usafi. Mwenye kutaka kuona mapigo manne kwa macho yake na aje, asivae shati jeupe. Nanyi ndugu zetu mliokwisha maliza, mkiwa na spana namba 8 au 9 isiyotumika, tukumbukeni; tuliyo nayo meno yake yamekwisha, na mimi ndiye niliyeyamaliza.